Karel Styblo: daktari aliyehakikisha dawa ya kifua kikuu inafika hadi zahanati

Mama mmoja wa hapa Morogoro Mjini alikuja kliniki na mtoto wa miaka mitatu. Bibi yake mtoto, ambaye alikuwa akilala naye kitanda kimoja, alikuwa amegundulika na kifua kikuu wiki ile. Tulimweleza mama kwamba mtoto naye inabidi achunguzwe, na akionekana hana ugonjwa aanze dawa kinga. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sisi wauguzi wa jamii tunalisikia mara nyingi: je, dawa hizi zimeletwa kujaribiwa kwa watoto wetu?

Ni swali la haki, na mama yeyote ana haki ya kuliuliza. Jibu fupi ni kwamba dawa hizi zilishajaribiwa kwa utaratibu na kupimwa usalama wake kabla hazijafika kwenye dirisha la dawa. Jibu refu lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa hapa Tanzania. Inamhusu daktari aliyeitwa Karel Styblo. Ukijua maisha yake utaelewa kwa nini tunakuandikia kadi, kwa nini tunakutaka urudi kila mwezi, na kwa nini usipoonekana tunakuja kubisha hodi nyumbani.

Kijana aliyeugua kifungoni

Karel Styblo alizaliwa tarehe 26 Novemba 1921 katika nchi ambayo wakati ule iliitwa Chekoslovakia, Ulaya ya kati. Alipokuwa kijana, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilizuka na nchi yake ikatawaliwa na Wanazi wa Ujerumani. Styblo alifungwa katika kambi ya mateso ya Mauthausen, nchini Austria. Kambini watu walisongamana, walikula kidogo na kufanyishwa kazi ngumu. Kifua kikuu hupenda mazingira kama hayo. Naye akaugua.

Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua vimelea vya kifua kikuu. Streptomaisini, dawa ya kwanza yenye nguvu, iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na matokeo ya jaribio lake kubwa kwa wagonjwa yalitangazwa Uingereza mwaka 1948. Kabla ya hapo mgonjwa alipewa kitanda, chakula, hewa safi, na kuombewa. Wengi walikufa. Styblo alinusurika, vita vikaisha, akasomea udaktari mjini Prague. Ugonjwa uliomkuta kifungoni ndio alioufanyia kazi maisha yake yote.

Alichojifunza katika wilaya moja

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Styblo na wenzake walifanya utafiti katika wilaya ya Kolín huko kwao. Walifuatilia wakazi wa wilaya nzima kwa miaka kadhaa, wakiwapiga picha za kifua na kupima makohozi yao. Walitaka kujua ugonjwa unatoka kwa nani na unakwenda kwa nani.

Baadaye alihamia Uholanzi na kufanya kazi katika kitengo cha kimataifa cha utafiti wa kifua kikuu mjini The Hague. Huko alikusanya takwimu za nchi nyingi na kupiga hesabu. Hesabu zake zilionyesha kwamba mgonjwa mmoja mwenye vimelea kwenye makohozi, asipotibiwa, anaweza kuambukiza watu 10 au zaidi kwa mwaka.

Kwa mama mwenye mtoto mdogo, jambo hili lina maana kubwa. Mtoto mdogo kwa kawaida haambukizwi na mtoto mwenzake. Huambukizwa na mtu mzima anayekohoa karibu naye: baba, bibi, dada wa kazi, jirani. Kwa hiyo njia ya kwanza ya kumlinda mtoto ni kumpata mtu mzima huyo mapema na kumponya kabisa.

Dawa zilikuwepo, lakini wagonjwa waliachia njiani

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, matibabu ya kifua kikuu yalichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Sindano na vidonge, mwezi baada ya mwezi. Mgonjwa akiwa na nafuu baada ya wiki chache, aliona amepona, akarudi shambani. Wengine walikosa nauli. Dawa ikikatizwa, vimelea vilivyobaki huamka tena, na safari hii huweza kuwa sugu.

Mwaka 1970 watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walianza jaribio la kupunguza muda huo. Wagonjwa walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Waligawanywa katika makundi: baadhi walitumia dawa kwa miezi 6, wengine kwa miezi 18 kama ilivyokuwa kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 1972. Waliotumia miezi 6 kwa mchanganyiko wenye rifampisini au pirazinamaidi walipona, na wachache tu ndio waliorudiwa na ugonjwa. Majaribio mengine yalifuata Afrika Mashariki, na kati ya mipangilio iliyojaribiwa ulikuwemo wa miezi 8.

Hapa tusimame kidogo. Wagonjwa wa Kiafrika, kwa kukubali kushiriki, walisaidia kuthibitisha kwamba matibabu mafupi yanafanya kazi. Lakini mgonjwa wa kawaida kijijini hakuyapata matibabu hayo mwaka uliofuata, wala mwaka wa pili yake. Rifampisini ilikuwa ghali sana. Wataalamu wengi duniani waliona kwamba nchi maskini haziwezi kuinunua, na kwamba ikisambazwa ovyo vimelea vitaizoea na kuwa sugu, dunia ipoteze dawa yake bora.

Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Dawa nzuri ikitolewa bila mpango huharibika. Hata hivyo, dawa nzuri iliyofungiwa kabatini haimponyi mtu. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo Styblo alipofanya kazi yake kubwa.

Tanzania, mwaka 1977

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Shirika la kimataifa la kupambana na kifua kikuu, ambalo Styblo alilitumikia na baadaye kuwa mkurugenzi wake wa masuala ya sayansi kuanzia 1979, lilikuja kusaidia. Serikali za Uswisi na Uholanzi zilichangia fedha.

Wanaokumbuka miaka ile wanajua hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuja mwaka 1978, halafu uchumi ukayumba. Sabuni na sukari vilipangiwa foleni. Mafuta ya gari yalikuwa ya kubahatisha. Lakini nchi ilikuwa na kitu kimoja ambacho nchi nyingi hazikuwa nacho: mtandao wa zahanati na vituo vya afya uliofika hadi vijijini. Styblo aliona kwamba kama huduma ya kifua kikuu ikiwekwa ndani ya mtandao huo, badala ya kujengewa hospitali zake za pembeni, itamfikia mtu wa kawaida.

Hakufanya kazi hiyo peke yake. Wataalamu wa Kitanzania ndio walioendesha mpango. Mmoja wao alikuwa Dk. Chum, ambaye pamoja na Styblo waliandika ripoti ya matokeo ya tiba nchini. Wauguzi na matabibu wa wilayani ndio waliochoma sindano, kuhesabu vidonge na kuwatafuta waliopotea.

Kupanga kabla dawa haijafika

Styblo hakuanza kwa kugawa rifampisini. Mpango ulianza na dawa za zamani za muda mrefu, huku utaratibu ukijengwa. Dawa mpya ziliingizwa hatua kwa hatua kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kukiwa na mtu wa kuzipokea na mahali pa kuziandika. Mpango ulisimama juu ya mambo haya:

- Mratibu katika kila wilaya. Mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye jukumu la kuzunguka vituo, kuangalia rejesta na kuuliza kila mgonjwa yuko wapi. Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya tuliye naye leo ni matunda ya mpango huo.
- Hadubini na mtu aliyefundishwa kuitumia. Wagonjwa wenye vimelea kwenye makohozi walitafutwa kwanza, kwa sababu hao ndio wanaoambukiza watoto na majirani.
- Usimamizi wa karibu miezi miwili ya kwanza. Dawa nne zenye nguvu, rifampisini ikiwemo, zilitolewa kila siku mbele ya mhudumu, mara nyingi mgonjwa akiwa amelazwa. Kisha alirudi nyumbani na kuendelea kwa miezi 6 na vidonge vya bei nafuu, akivichukua kituoni kila mwezi. Kwa njia hiyo rifampisini haikupotea ovyo na gharama ilibebeka.
- Dawa za akiba. Mgonjwa aliyeanza alitakiwa amalize, kwa hiyo dawa ziliagizwa kwa kuhesabu wagonjwa walioandikishwa, na akiba juu yake.
- Kuhesabu kila mtu. Kila robo mwaka wilaya ilitoa ripoti ya wagonjwa wote walioanza dawa pamoja. Kila mmoja alipaswa kuwa katika fungu fulani: amepona, amemaliza dawa, amefariki, tiba imeshindikana, ameacha dawa, au amehamia kituo kingine. Hapakuwa na fungu la kusahauliwa.

Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo, kama karatasi tu. Lakini ndilo lililobadilisha kazi yetu. Kabla yake kituo kingeweza kujisifu kwa idadi ya wagonjwa walioanza dawa. Baada yake kituo kiliulizwa wangapi walipona.

Pia watoto wa shule za msingi mikoani walipimwa kwa kipimo cha ngozi kinachoonyesha kama mtu amewahi kuambukizwa. Lengo lilikuwa kujua kama maambukizi mapya yanapungua katika jamii. Watoto ndio waliokuwa kipimo cha kazi ya watu wazima.

Kilichopatikana, na kilichokuwa kigumu

Matibabu mafupi yalipoenea, karibu wagonjwa 80 kati ya kila 100 wenye vimelea kwenye makohozi walipona. Kwa nchi yenye uchumi wa hali ile, watu wengi hawakutegemea. Hesabu za gharama zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba kumtibu mgonjwa wa kifua kikuu kwa njia hii ni miongoni mwa huduma za afya zinazookoa maisha kwa gharama ndogo kabisa. Benki ya Dunia ililieleza hilo katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993.

Lakini historia hii haikuwa ya ushindi mtupu. Virusi vya UKIMWI viliingia katika miaka ya 1980, na mwili uliopungukiwa kinga hushindwa kukizuia kifua kikuu. Wagonjwa walioandikishwa Tanzania walikuwa takriban 11,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizidi 60,000. Thiasetazoni, moja ya vile vidonge vya bei nafuu, nayo ilionekana kuleta madhara makali ya ngozi kwa wenye virusi vya UKIMWI, hata vifo, ikabidi iondolewe na nafasi yake ichukuliwe na ethambutoli. Baadaye utafiti mwingine ulionyesha kwamba miezi 6 yenye rifampisini mwanzo hadi mwisho ni bora kuliko ile miezi 8, na nchi ikabadilisha tena.

Mabadiliko hayo yana somo kwetu walezi na watoa huduma. Dawa ikibadilishwa kliniki, haimaanishi kwamba wataalamu wanabahatisha. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna watu waliendelea kuhesabu na kufuatilia, wakaona tatizo, wakajaribu njia nyingine kwa utaratibu, na matokeo yakaletwa hadi kituoni.

Dunia ikaja kujifunza

Nchi nyingine zilianzisha mipango ya aina hiyo kwa msaada wa Styblo na shirika lake, zikiwemo Malawi, Msumbiji, Benin na Nicaragua. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia nzima. Mkakati lililoutangaza miaka iliyofuata, wa mgonjwa kumeza dawa chini ya usimamizi, kupima makohozi, kuhakikisha dawa hazikatiki na kutunza kumbukumbu, ulijengwa juu ya kazi iliyofanyika katika wilaya za Tanzania.

Styblo alifariki dunia mwezi Machi 1998, akiwa na miaka 76. Wataalamu wanamtaja kuwa baba wa udhibiti wa kisasa wa kifua kikuu.

Kazi hiyo leo, na mtoto wako

Kwa muda mrefu watoto walisahauliwa. Mama alipewa kidonge cha mtu mzima akaambiwa akikate au akisage, achanganye na uji. Kidonge ni kichungu, kipimo ni cha kukisia, na mtoto anatema. Mwishoni mwa mwaka 2015 vilitangazwa vidonge vya watoto vyenye dawa zote pamoja kwa kipimo sahihi, vinavyoyeyuka kwenye maji na vyenye ladha ya matunda. Mwaka 2016 jirani zetu Kenya walikuwa nchi ya kwanza kuvisambaza nchi nzima.

Kisha likaja jaribio la watoto 1,204 wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India. Liliuliza kama mtoto mwenye kifua kikuu kisicho kikali anaweza kupona kwa miezi 4 badala ya 6. Jibu lilikuwa ndiyo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaliweka katika miongozo yake. Watafiti walitumia vidonge vile vile vya kuyeyuka ambavyo nchi zilikuwa zimeanza kuviagiza. Kwa hiyo matokeo yalipotoka, dawa ya kuyatekeleza ilikuwepo tayari. Huko ndiko kupanga mapema. Rifampisini ya mwaka 1972 ilisubiri miaka kumi hivi. Dawa ya watoto haikuhitaji kusubiri hivyo.

Hapa Morogoro nako kuna mfano wenye mkia mrefu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye kifua kikuu. Sampuli ambayo panya ameionyesha hupimwa tena maabara. Lakini hata panya akinusa vizuri, mtu lazima amtafute mgonjwa, iwe Kihonda, Mji Mpya au juu kule Matombo, ampe majibu na kumwanzishia dawa. Kazi ya Styblo ilikuwa hiyo ya mwisho.

Wewe mama au mlezi ufanye nini

- Kama kuna mtu nyumbani ana kifua kikuu, wapeleke watoto wote wa nyumba hiyo kituoni wakachunguzwe, hata kama wanaonekana wazima. Walio chini ya miaka 5 wako kwenye hatari kubwa zaidi.
- Mpeleke mtoto haraka akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa isiyoisha, kutoongezeka uzito au kupungua, kutokwa jasho jingi usiku, mitoki shingoni isiyopona, au kuacha kucheza kama kawaida yake. Kama hawezi kutoa kohozi, wataalamu wana njia nyingine, ikiwemo kupima choo.
- Hakikisha mtoto anapata chanjo ya BCG anapozaliwa. Inamkinga na aina kali za kifua kikuu zinazoshambulia ubongo na mwili mzima.
- Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Mchague mtu wa nyumbani wa kusimamia umezaji kila siku, na usiache dawa kwa sababu mtoto amechangamka.
- Mkojo kuwa na rangi ya machungwa ni jambo la kawaida kwa anayetumia rifampisini. Lakini macho yakiwa ya njano, mtoto akitapika mfululizo au kupata vipele vingi, rudi kituoni siku hiyo hiyo.
- Ukisafiri au kuhama, sema mapema. Utapewa barua ya uhamisho ili dawa zisikatike.
- Uliza: dawa hii ni ya nini, itachukua muda gani, nitarudi lini? Ukiombwa ushiriki katika utafiti, una haki ya kuelezwa kila kitu kwa lugha unayoielewa, na ya kukataa bila kunyimwa huduma.

Yule mama niliyemtaja mwanzo alikubali mtoto apimwe. Hakuwa na ugonjwa. Jina lake liliandikwa kwenye rejesta, akaanza dawa kinga, na mama akamleta kila mwezi hadi akamaliza. Bibi naye alimaliza dawa zake na makohozi yakawa safi.

Kama una wasiwasi na kikohozi cha mtu yeyote nyumbani kwako, usisubiri. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au zungumza na mhudumu wa afya wa mtaa wako.